Langley si mji

Kwa miaka mingi vyombo vya habari vimekuwa vikisema "Langley imeamua" au "Langley inajua", vikimaanisha Shirika la Ujasusi la Marekani, CIA, na wasomaji wengi wameishia kuamini kwamba huo ni mji wenye meya wake, pengine hata kambi ya kijeshi.

Ukweli ni kwamba Langley ni kitongoji kidogo ndani ya McLean, Virginia, ng'ambo ya mto Potomac ukitokea Washington, na McLean yenyewe haina hadhi ya manispaa: polisi, shule na mipango ya ardhi ni kazi ya Kaunti ya Fairfax. Jina lilitokana na shamba la Thomas Lee, aliyelipatia shamba hilo jina la makao ya ukoo wake Uingereza mwanzoni mwa karne ya 18. Kiini chake ni njia panda ya Georgetown Pike na Chain Bridge Road, penye majengo machache ya zamani. Mwaka 1910 ofisi yake ya posta iliunganishwa na ya kitongoji jirani cha Lewinsville, ikazaliwa McLean.

Shirika lilikuja baadaye mno. Rais Eisenhower aliweka jiwe la msingi la makao makuu ya CIA hapo Langley Novemba 1959, na anwani yake ya posta, cha ajabu, ni ya Washington.

Ile kambi ya jeshi la anga inayoitwa pia Langley iko mji wa Hampton, humo humo Virginia, mwendo wa saa kadhaa kwa gari, na imeitwa kwa heshima ya mwanasayansi Samuel Langley.