Mshauri wa sola asiyeuza hata waya: yanayosemwa Mwanza na yaliyo kweli

Mwenye nyumba anayejifungia sola mwenyewe si kioja tena Mwanza. Anazunguka madukani mjini kati, anapakia paneli kwenye guta, Jumamosi anapanda juu ya bati na shemeji yake anayejua umeme kidogo, na jioni taa zinawaka. Kioja ni yule anayefika bila bidhaa mkononi, anapima, anauliza maswali, anaandika karatasi, halafu anadai hela. Nafanya kazi hiyo, na haya ndiyo maneno ninayokutana nayo kuanzia Igoma hadi Nyegezi.

"Ushauri dukani ni bure"

Umo kwenye bei ya betri. Muuzaji si lazima awe tapeli, ila atakushauri kwa kutazama rafu yake. Akiwa na inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa soketi) za volti 12 zilizokaa muda mrefu, nyumba yako itaonekana inahitaji inveta ya volti 12. Kuna na fundi anayekusindikiza dukani kwa hisani, kisha anarudi peke yake jioni kuchukua cha juu. Hicho cha juu umekilipa wewe.

Ndiyo maana naona anayetaka kuishi kwa kazi hii ataje bei moja kabla ya kuanza, na asipokee chochote kutoka dukani. Kutoza asilimia ya gharama ya vifaa naipinga kabisa. Siku utakayotakiwa kumwambia mteja "paneli mbili zinakutosha, ya tatu acha", utakuwa unakata riziki yako mwenyewe, na ulimi utakuwa mzito.

"Niandikie tu vifaa"

Mazungumzo huwa hivi:

"Fundi, we niandikie vifaa, kununua nitanunua mwenyewe."

"Sawa mama, ila naomba kwanza nione meseji zako za LUKU za miezi mitatu."

"LUKU ya nini tena, si tunaikimbia?"

Tunaikimbia, lakini LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, ndiyo inayojua siri za nyumba. Uniti moja ya LUKU ni kilowati-saa moja. Nyumba inayomaliza uniti 90 kwa mwezi inatumia 3 kwa siku, na hapo hesabu inaanza. Jua la Mwanza tulichukulie kuwa sawa na saa 5 za jua kali kwa siku. Si kwamba linawaka saa 5, ni mwanga wa kutwa nzima ukikusanywa. Toa karibu theluthi moja inayopotelea kwenye joto la paneli, vumbi, nyaya, betri na inveta. Uniti 3 kwa saa 5 ni wati 600; ukifidia upotevu huo unahitaji wati 860 hivi, yaani paneli mbili za wati 450.

Betri nayo inasomwa kwa makini. Ya asidi ya volti 12 na ampia-saa 200 ina uniti 2.4 kwenye karatasi, lakini ukitaka idumu usiiteremshe chini ya nusu, kwa hiyo mkononi una 1.2. Lithiamu ya volti 25.6 na ampia-saa 100 inashika uniti 2.56, na sehemu kubwa ya hizo unazitumia bila kuiumiza. Kwa kutazama bei peke yake, ya asidi inashinda. Gawanya bei kwa uniti unazoweza kuzitumia, kisha kwa miaka itakayoishi, ndipo uamue. Ya gari usiiguse kwa kazi hii: imetengenezwa kutoa nguvu kubwa kwa sekunde chache za kuwasha injini, haikutengenezwa kufyonzwa usiku kucha.

Kisha linakuja jagi la umeme. Jagi la wati 2,000 likichemsha maji ya chai kwa dakika 6 linakula uniti 0.2 tu, kitu kidogo. Lakini kwa dakika hizo 6 linataka inveta inayobeba wati 2,000 zote kwa pamoja, na bei ya inveta inapanda kwa ajili ya chai. Hapo mshauri anajilipia: anakwambia jagi libaki kwenye umeme wa TANESCO, au maji yachemshwe kwa gesi. Pampu ya maji ni jambo jingine, maana wakati wa kuwaka huvuta mara kadhaa ya wati zilizoandikwa kwenye kibandiko chake.

"Waya ni waya, mradi ni shaba"

Hapa ndipo nyumba zinapoungulia, na ningeweza kuandika ukurasa mzima.

Inveta ya wati 1,000 inayokula betri ya volti 12 huvuta ampia 83 na ushee. Wati hizohizo zikitoka kwenye soketi ya volti 230 ni ampia 4.3 tu. Mtu amezoea waya wa milimita 2.5 za mraba ukutani, umemhudumia miaka yote, basi anautumia huohuo kati ya betri na inveta. Ukifungua nati ya betri baada ya miezi michache unaona plastiki ya waya imelegea na kugeuka kahawia, na kichwa cha betri kina alama nyeusi upande mmoja, pale shaba ilipogusa kidogo tu. Mteja analalamika inveta inapiga alamu usiku wakati betri imejaa. Betri kweli imejaa. Volti ndizo zinafia njiani.

Kutoka juu ya paa hadi betri hesabu ni ileile. Tuseme umbali ni mita 10, ampia 20, waya wa milimita 4 za mraba. Kwenda na kurudi ni mita 20, na njiani zinapotea volti 1.75. Kwenye mfumo wa volti 12 hiyo ni zaidi ya asilimia 14, kama vile umenunua paneli saba ukaitupa moja ziwani. Panda hadi volti 24: ampia zinakuwa 10, upotevu unashuka hadi karibu asilimia 3.6 kwa waya uleule. Ushauri wa sentensi moja, "usinunue volti 12", unaweza kuokoa fedha nyingi kuliko punguzo lolote la dukani, lakini una maana ukitolewa kabla ya kununua. Wengi wananiita baada.

Breka, zile swichi zinazokata umeme ukizidi, nazo zina lao. Umeme wa TANESCO unapita kwenye sifuri mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo cheche breka inapofunguka hujizima yenyewe. Wa paneli haupiti sifuri kamwe. Cheche yake hung'ang'ania na kuyeyusha breka ya kawaida. Tumia iliyoandikwa DC, yaani ya umeme wa mkondo mmoja kama wa paneli, yenye volti zinazozidi za paneli zako zote zikiwa zimeungana. Na volti hizo hupanda paneli zikiwa baridi, kwa hiyo paneli tatu za volti 49 kwenye kontrola (kifaa kinachoongoza uchaji wa betri) yenye kikomo cha volti 150 ni kucheza karibu mno na ukingo.

"Mwanza ni mawe, erthi haiwezekani"

Erthi ni njia ya kupeleka umeme uliopotea ardhini, na anayesema hivi ana nusu ya haki. Mawe yanayopamba Isamilo na Mabatini ni matale (granaiti), na mwamba mkavu haupitishi umeme vizuri. Fimbo ya erthi unaigonga mara mbili inapinda. Wengi huikata, wakaacha nusu mita chini, wakafukia kwa chumvi na mkaa. Mvua mbili tatu chumvi imeondoka, na kabla ya kuondoka imekwisha kuanza kuila fimbo.

Lakini ukanda wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi sana duniani, na paneli zako ziko juu ya bati, mlimani. Kifaa cha kukinga radi bila erthi nzuri ni pambo. Kinachowezekana ni kuchimba mtaro na kulaza waya wa shaba mtupu kwa urefu pale penye udongo, mara nyingi upande wa chini wa kiwanja au karibu na migomba inakomwagwa maji. Kuongeza fimbo zaidi ya moja na kuziunganisha. Kuunganisha fremu zote za paneli pamoja. Kisha kupima kwa kipimo cha erthi. Kipimo hicho wenye nyumba wengi hawana, na kwangu ni sababu tosha ya kumlipa mtu aje nacho.

"Paneli zisimame nyuzi 30, nimeona kwenye video"

Video ya Ulaya. Mwanza iko nyuzi 2.5 kusini mwa ikweta. Jua liko kaskazini kwetu takriban kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa Septemba, miezi mingine liko kusini. Mwinuko wa nyuzi 10 unatosha, hasa ili mvua ioshe vumbi na kinyesi cha ndege. Sumbukia zaidi kivuli cha jiwe la jirani au cha mwembe.

"TANESCO wakikata, sola yangu inaendelea"

Inategemea umefunga nini. Inveta isiyo na betri, ya kuungana na gridi, yaani nyaya za TANESCO, hujizima gridi inapozima, na imetengenezwa hivyo makusudi, ili isimuue fundi aliye juu ya nguzo. Yule anayechukua waya wenye plagi pande zote mbili na kuchomeka inveta kwenye soketi ya ukutani anaivunja kinga hiyo. Nikikuta waya huo, kazi nyingine inasubiri hadi utoke.

"Nimemlipa mshauri, leseni ya nini?"

Kazi ya kufunga umeme kwenye majengo ina leseni zake, na zinatolewa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Karatasi yangu haigeuki leseni. Mwenye nyumba anaweza kubeba paneli, kufunga fremu kwenye mbao (si kwenye bati tupu), kuchimba mtaro. Pale mfumo unapokutana na nyaya za nyumba na mita ya TANESCO, aje fundi mwenye leseni afunge swichi ya kubadilishia kati ya sola na TANESCO. Mshauri anayesema hahitajiki anakuingiza matatani.

"Si unaweza kunielekeza kwa WhatsApp?"

Naweza, na kwa mtu wa Nansio au Sengerema mara nyingi ndiyo njia pekee yenye maana. Ila sauti ya dakika saba haisaidii. Nitumie picha ya kibandiko cha nyuma ya paneli na ya betri, picha za paa saa 3 asubuhi na saa 10 jioni ili nione vivuli, na meseji za LUKU. Kama huna LUKU, orodhesha vifaa na saa vinazowaka. Urefu wa waya upime kwa futi kamba kwa kufuata ukuta utakapopita, pamoja na pale unapopanda na kushuka.