Waya wa spika hauhitaji kuzoeshwa

Juzi mzee mmoja aliingia karakanani kwangu hapa Ngamiani, Tanga, kashika waya mpya wa spika, mita 5 kila upande. Tulipokwisha kusalimiana akaniuliza: "Fundi, niuache ucheze siku ngapi ndipo uzoee?" Muuzaji alimwambia waya mpya lazima upitishe muziki saa 200, ati ndipo sauti iwe nzuri. Hizo ni zaidi ya siku 8, usiku na mchana, bila kuzima!

Nikamjibu, "Mzee wangu, ufunge leo, usikilize leo."

Waya ni shaba. Shaba hiyo ilishavutwa kiwandani kupitia matundu membamba, ikapashwa moto ikalainika, ndipo ikavikwa plastiki. Muziki unaopita humo ni umeme unaokwenda na kurudi mara 20 hadi 20,000 kwa sekunde. Hauna nguvu ya kuifinyanga shaba upya. Waya wake ni wa milimita 2.5 za mraba. Kwenda na kurudi, ukinzani wake, yaani kiasi unachozuia umeme, ni kama omu 0.07, na spika ni omu 8. Mita ya kawaida ya kupimia umeme haiwezi hata kuupima sawasawa, maana nyaya za mita yenyewe zina ukinzani mkubwa zaidi.

Halafu kuna joto, ambalo wauzaji hawaligusi. Shaba ikipanda nyuzi 1, ukinzani wake huongezeka kwa karibu asilimia 0.4. Joto likipanda nyuzi 8 toka alfajiri hadi adhuhuri, waya umebadilika kwa asilimia 3, na jioni unarudi ulipokuwa. Nani amewahi kusikia besi ya asubuhi ikapishana na ya mchana kwa sababu ya waya?

Kinacholegea kweli ni spika. Mpira wa ukingoni na kile kitambaa kinachoshika koili (waya uliozungushwa ndani ya spika) huwa vikavu vikiwa vipya. Vikichezeshwa hulainika, na hilo linapimika. Mtu akinunua spika na waya siku moja, waya hupewa sifa isiyo yake.

Nilimwomba mzee aniletee waya wake wa zamani, ule uliokuwa unakwaruza. Ncha zote zilikuwa kijani. Hewa ya bahari ya Tanga ina chumvi, na chumvi hula shaba iliyo wazi. Nikakata sentimita 3, nikamenya, nikasokota nyuzi vizuri, nikakaza skrubu. Tukaweka taarabu. Mkwaruzo ukakoma palepale.

Ule mpya akaurudisha dukani, ungali kwenye mfuko wake.