Muundo msingi wa katiba: nadharia iliyokataliwa katika kesi ya BBI

Mahakama ya Juu ya Kenya ilipotoa hukumu ya BBI, mswada wa kurekebisha katiba uliopigiwa debe na Rais Uhuru Kenyatta, tarehe 31 Machi 2022, kila upande ulipata cha kushangilia. Walioupinga mswada waliona umezikwa. Waliouunga mkono walisikia majaji wakiikataa nadharia ya muundo msingi, silaha kubwa ya wapinzani wao. Kuna wanaodhani hadi leo kwamba mambo hayo mawili yanapingana.

Tuanze na maana. Fundi uliyemwita azibe paa linalovuja hana ruhusa ya kung'oa nguzo. Nadharia hii inasema vivyo hivyo kuhusu katiba: mwenye mamlaka ya kuirekebisha hana mamlaka ya kuivunja na kusimika nyingine kinyemela, hata kama kura zimetimia. Zipo nguzo, kama vile uhuru wa mahakama au ukuu wa wananchi, ambazo zikiondolewa kinachobaki si katiba ile tena.

Mzizi wake uko India. Kiongozi wa kidini kutoka Kerala, Kesavananda Bharati, alikwenda mahakamani kupinga sheria za ardhi zilizogusa mali ya taasisi yake. Tarehe 24 Aprili 1973 majaji 13 waligawanyika, 7 kwa 6, na hao saba wakaamua kwamba Bunge haliwezi kuharibu muundo msingi wa katiba. Kura moja tu!

Kenya ilikuwa na sababu zake za kuvutiwa na wazo hilo. Katiba ya uhuru ilikatwakatwa na Bunge lenyewe: Seneti ikafutwa, mwaka 1982 nchi ikawa ya chama kimoja kisheria, mwaka 1988 majaji wakaondolewa kinga ya ajira yao. Yote yalipita bungeni kwa utaratibu. Mei 2021 majaji watano wa Mahakama Kuu, wakiamua kesi ya BBI, waliitaja historia hiyo, wakasema muundo msingi hauguswi ila kwa hatua nne: elimu kwa umma, maoni ya wananchi, baraza la kutunga katiba, kisha kura ya maoni. Agosti mwaka huo Mahakama ya Rufaa ikaafiki.

Mahakama ya Juu haikusema nguzo hazina thamani, ingawa wengi huisoma hivyo. Ilisema Kenya tayari ina kufuli lake. Ibara ya 255 inataja mambo kumi yasiyobadilishwa bila kura ya maoni, ambayo lazima ipate wingi wa kura, na ipigwe na angalau asilimia 20 ya wapiga kura waliosajiliwa katika kila moja ya angalau nusu ya kaunti. Kwa nini basi majaji waongeze kufuli la pili ambalo wananchi hawakuliandika mwaka 2010? Jaji Mohammed Ibrahim peke yake alishikilia kwamba nadharia inafaa. Mimi namwelewa: katiba ya zamani nayo ilikuwa na masharti ya idadi ya kura, na haikuokoka.

Sasa mbona mswada ulianguka? Kwa sababu ya jambo la kawaida zaidi. Njia ya kukusanya saini milioni moja, chini ya ibara ya 257, ni ya wananchi. Rais haruhusiwi kuianzisha, na majaji walio wengi waliona ndiye aliyeianzisha. Tena, kipengele cha maeneobunge mapya 70 kilipenyezwa bila umma kushirikishwa.

Tanzania iliwahi kupita njia inayofanana. Katika shauri la mwanasiasa Christopher Mtikila, aliyedai mtu aruhusiwe kugombea bila chama (mgombea binafsi), Mahakama ya Rufani mwaka 2010 haikuikumbatia nadharia hii; ikasema suala la mgombea binafsi ni la Bunge. Miaka mitatu baadaye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilimpa Mtikila ushindi kwa kuegemea haki zilizomo kwenye Mkataba wa Afrika.