Mrija au barakoa ya koo: daktari wa usingizi huamuaje?

Mgonjwa akishalazwa kwa nusu kaputi, misuli ya koo hulegea na ulimi hurudi nyuma ukaziba njia ya hewa. Kabla daktari wa upasuaji hajashika kisu, sisi wa usingizi lazima tuwe tumeshailinda njia hiyo. Vifaa vipo vya namna nyingi, na mara nyingi mwili wa mgonjwa ndio unaoamua kipi kitumike.

Ndiyo maana tunamkagua angali macho. Tunamwomba aketi wima, apanue kinywa mpaka mwisho na kutoa ulimi bila kutamka neno. Kipimo hiki cha Mallampati, kilichochapishwa mwaka 1985, hutuonyesha sehemu ya koo inayoonekana. Kilimi, yaani kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa, kisipoonekana kabisa, tunaanza kujihadhari. Tunaangalia pia kama vidole vyake vitatu vinaenea kati ya meno ya juu na ya chini, shingo inavyokunjuka kwenda nyuma, na meno yanayolegea. Dalili moja peke yake haitoshi kutoa hukumu, lakini zikikutana mbili au tatu naandaa mapema laringoskopu ya video, yaani kifaa chenye kamera cha kuangalia ndani ya koo, pamoja na msaidizi mzoefu.

Barakoa ya koo, iliyobuniwa na Dk. Archie Brain wa Uingereza mwaka 1981, hukaa juu ya zoloto, yaani mlango wa bomba la hewa, bila kupenya ndani. Huwekwa haraka na haikwaruzi koo sana, hivyo inafaa operesheni fupi kwa mtu aliyefunga ipasavyo. Saizi hufuata uzito: kwa kawaida namba 3 kwa kilo 30 hadi 50, namba 4 kwa kilo 50 hadi 70.

Udhaifu wake mkubwa ni kwamba haizibi vya kutosha kuzuia vilivyo tumboni visipande na kuingia mapafuni. Za kisasa zina tundu la kutolea maji ya tumbo, lakini kwa mwenye utumbo ulioziba, au aliyekula kisha akapata ajali, mimi huchagua mrija unaoingia ndani ya bomba la hewa. Puto dogo lililo kwenye mrija huo hujazwa hewa kwa shinikizo la sentimita 20 hadi 30 za maji; likipungua hewa huvuja, likizidi hubana damu ya ukuta wa bomba. Kisha natazama monita: wimbi la kabonidioksaidi likijirudia kila pumzi, mrija uko mahali pake. Kusikiliza kifua peke yake kunaweza kudanganya.

Kwa hiyo tunapokuuliza umekula saa ngapi, tafadhali tuambie ukweli. Chakula chepesi kinahitaji saa 6, maji matupu saa 2, na maziwa ya ng'ombe huhesabiwa kama chakula. Tutajie pia meno bandia, kiungulia kinachokusumbua, na kukoroma kunakokatisha pumzi. Na kama uliwahi kuambiwa kuwa kukuwekea mrija kulikuwa kugumu, omba maelezo hayo kwa maandishi, uje nayo kila unapofanyiwa operesheni.