Kelele za PP1 zilianzia kooni mwangu

Mwaka wangu wa tatu wa kufundisha PP1, darasa la kwanza la chekechea, hapa Nakuru, sauti iliniisha. Sisemi ule mkauko wa siku mbili unaoondoka na chai ya tangawizi. Iliisha kabisa. Daktari wa masikio na koo alinionyesha kwenye skrini vinundu viwili vimeota kwenye nyuzi za sauti. "Mwalimu, hizi ni sugu, kama za mkononi mwa mtu wa jembe," akaniambia. "Dawa yake ni kunyamaza." Akaniandikia wiki mbili. Shule haikuwa na mtu wa kunishikia zamu, kwa hiyo siku ya nne nilirudi darasani bubu, na kayamba yangu, mikono miwili, na watoto 43 wa miaka minne.

Nilijitayarisha kwa vurugu. Kufikia Ijumaa darasa lilikuwa limetulia kuliko siku yoyote tangu niajiriwe. Mwalimu mkuu, aliyezoea kuniuliza "Mwalimu, lile soko lako limefunguliwa saa ngapi leo?", alipita akachungulia dirishani akidhani tumeenda uwanjani.

Maelezo yake yapo tangu zamani. Mwaka 1911 daktari Mfaransa wa masikio, Étienne Lombard, aliandika kwamba mtu akizungukwa na kelele hupandisha sauti yake bila kujua, na kelele ikikoma naye hushuka. Mtoto wa miaka minne hana kinga dhidi ya jambo hilo, na mwalimu wake pia hana. Mimi nilikuwa nikipaza ili nisikike juu ya watoto 43, nao wakipaza ili wasikike juu yangu na juu ya mwenzao aliye kando. Kila "Nyamazeni!" niliyoitoa ilikuwa ukuni mwingine motoni. Nilipokosa ukuni, moto ukapungua.

Siku hizi hulea wanafunzi wa ualimu wanaokuja mazoezini, na nikiingia darasa lao kitu cha kwanza ninachotazama ni mahali mwalimu aliposimama. Wengi husimama karibu na ubao, na kutoka pale humwita mtoto wa nyuma kabisa: "Wewe! Wewe wa sweta nyekundu! Kaa chini!" Watoto wote huacha walichokuwa wakifanya ili wamtafute wa sweta nyekundu, na ni sare ya shule, wote wana sweta nyekundu. Mahali pa wazi, kila umbali unapokatwa nusu sauti hupanda kwa karibu desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Ukitoka mita nne ukafika mita moja, umepata desibeli 12 bila kukaza koo. Darasani, penye mwangwi, faida hupungua, lakini bado ipo. Tembea, chuchumaa, sema naye usoni. Miguu inastahimili kuliko nyuzi za sauti.

Kisha kuna chumba chenyewe. Madarasa yetu mengi ni kuta za mawe, sakafu ya simiti na mabati juu bila dari. Kila kitu humo ni kigumu, na sauti ikigonga kitu kigumu hurudi. Kabla watoto hawajafika asubuhi, simama katikati upige kofi moja kavu. Ukisikia mkia, mlio unaoning'inia baada ya mikono kutulia, ujue hata maneno yako yana mkia huo, na kila silabi inaikanyaga inayofuata. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa kelele mwaka 1999, lilishauri mkia huo usizidi sekunde 0.6 darasani, na kelele ya nyuma, ile inayokuwepo masomo yakiendelea, isizidi desibeli 35. Mimi nilipoweka programu ya kupimia kwenye simu (simu si chombo cha maabara, lakini inatoa picha), chumba kitupu kilinipa zaidi ya 50, kwa sababu upande wa pili wa ua kuna kisiagi, mashine ya kusaga mahindi.

Ili mtoto mdogo ashike maneno vizuri, wataalamu wa usikivu hupendekeza sauti ya mwalimu iwe juu ya kelele kwa desibeli 15 hivi. Sauti ya mazungumzo ni kama desibeli 60 kwa aliye mita moja nawe. Kisiagi kikiwaka na watoto wakishika kazi, kelele peke yake inafika hapo hapo, kwa hiyo ingenibidi nifikishe 75 kwenye sikio la mtoto wa mwisho, kuanzia saa mbili hadi saa sita. Hakuna koo la namna hiyo. Nilijaribu, nikaota vinundu.

Tena sikio la mtoto si sikio letu dogo. Mtu mzima akikosa nusu ya neno hulijaza kwa akili, kwa sababu lugha anayo. Mtoto wa PP1 ndiyo kwanza anaikusanya. Na kinachozama kwanza kwenye kelele ni konsonanti; irabu huelea. Ukisema "kata karatasi", wa nyuma anasikia "a-a karatasi": ni kata, pata, au taka? Hapa Nakuru kuna anayetoka nyumba ya Kikuyu, ya Kikalenjin, ya Kiluo, ya Kiluhya, na Kiswahili cha darasani bado anakichanganua. Anatazama jirani yake anafanya nini, naye anafanya vivyo hivyo. Sisi tunaandika kwenye ripoti: hafuati maagizo.

Mwaka 1975 mtafiti Arline Bronzaft na mwenzake walichapisha utafiti kuhusu shule moja ya msingi ya New York iliyokuwa ubavuni mwa reli ya juu. Watoto wa madarasa yaliyoelekea reli walikuwa nyuma kwa kusoma kuliko wenzao wa upande wa pili wa jengo lilelile, na wale wakubwa walibaki nyuma karibu mwaka mzima. Baadaye reli iliwekewa mipira na madarasa yakapata dari za kufyonza sauti, na alipopima tena pengo likawa halipo. Huwa nawasimulia wazazi kisa hiki nikitaka magunia.

Ndiyo, magunia. Magunia ya mkonge, yaliyofuliwa na kukaushwa, tumeyatundika ukuta wa nyuma kwenye fito, yakiacha nafasi ya kama kiganja kati yao na ukuta; nafasi hiyo huyasaidia kufyonza zaidi kuliko yakigandishwa ukutani. Tumeyaweka mbali na jiko la uji. Leso nzuri kwa macho, ila ni nyepesi mno, sauti inapita kana kwamba haipo. Na trei za mayai, jamani. Kila mwaka kuna anayeniletea trei za mayai alizoona kwenye video. Zinafyonza kidogo zile sauti nyembamba za juu, mngurumo wa kisiagi hauzijui, na baada ya muhula mmoja ni vumbi na chakula cha moto. Nazipokea, nashukuru, tunapandia mbegu za sukuma.

Kazi iliyolipa kuliko zote ilikuwa ya viti. Vyetu vina miguu ya chuma, na chuma kikiburutwa kwenye simiti kinakwaruza hadi menoni. Tuliomba patipati kuukuu. Zilikuja nyingi, ajabu ni kwamba karibu zote za kushoto. Tulizikata vipande vya mraba, tukachimba kila kipande tundu lisilotokea upande wa pili, tukapachika mguu wa kiti ndani. Viti 43, vipande 172, Jumamosi mbili. Jumatatu iliyofuata watoto walivuta viti kwenda kwenye uji na sikusikia kitu. Nikageuka kuangalia kama wametoka kweli. Vifuniko vya soda vya kuhesabia navyo sasa vinamwagwa juu ya kipande cha gunia, si juu ya mbao tupu.

Uji wenyewe tuliusogeza kutoka saa nne hadi saa tatu u nusu. Nusu saa ile ya mwisho kabla ya uji ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko zote, nami kwa miaka nilidhani ni utovu wa nidhamu. Ilikuwa njaa.

Ishara ya kutulia ni kayamba, polepole, mara moja, kisha nangoja. Ukiitikisa kila dakika inakuwa kelele nyingine. Kwa kupongezana, badala ya makofi ya kilo tuna makofi ya gramu: vidole viwili kwenye kiganja. Wanayapenda mno, kwa sababu lazima unyamaze ndiyo uyasikie. Na mabati yakianza kulia, hasa mwezi wa Aprili, siongei kabisa. Tunachora, au tunacheza kwa ishara za mikono mpaka mvua ipite. Kufundisha sauti za herufi chini ya mvua ile ni kujidanganya.

Simtafuti mtoto aliyenyamaza, nieleweke. Kelele ya kazi ina mawimbi, inashuka na kupanda, na ukisikiliza unatambua nani anamwambia nani "ticha alisema tujenge nyumba". Ile ya kuchoka ni tambarare, haina neno ndani yake. Ya kwanza naiacha. Mzazi anayesimama mlangoni akitaka darasa kama kanisa nampa kiti akae dakika kumi.

Ila yuko mmoja ninayemkumbuka vibaya. Alikuwa na kelele kuliko wote, kila jibu lake "Ati?", nami nilimweka nyuma karibu na mlango asisumbue wenzake, yaani mahali kisiagi kinaposikika zaidi. Nyanya yake ndiye aliyeniambia sikio lake moja limekuwa likitoka usaha tangu Krismasi. Alitibiwa, akahamia mbele na sikio zima upande wangu, na sauti yake ikashuka yenyewe. Tangu hapo mtoto mwenye kelele nyingi namtuma akapimwe masikio kabla sijamwita mama yake.

Kuhusu kisiagi: Kenya ina kanuni za kelele tangu 2009 na NEMA, mamlaka ya mazingira, ndiyo inayozisimamia, na wenzangu walitaka tuandike barua. Mimi nilivuka ua na debe la mahindi. Mwenyewe alikuwa hajui kwamba ukuta wake wa nyuma unaelekeana na ukuta wetu wa hadithi. "Kumbe, mwalimu? Mimi nafunga saa tano kunywa chai, mashine ipoe." Hadithi ikahamia saa tano. Na siku stima ikipotea, watoto wanajua kabla sijasema lolote: wanaburuta mkeka wenyewe, kwa sababu siku hiyo tunasoma mbili.