Kiingereza cha biashara maana yake si Kiingereza kizito

Jina "Kiingereza cha biashara" limebebeshwa mzigo usio wake. Mtihani wa Kiingereza hicho ukikaribia, utasikia mtu anaomba orodha ya "maneno ya biashara" akayakariri usiku. Mwingine anasifiwa barua yake kwamba sasa hiki ndicho Kiingereza cha biashara, kumbe kilichomletea sifa ni hereby ("kwa hili") mbili na aforementioned ("yaliyotajwa hapo juu") moja. Wanaofunzwa hivi wanaingia kwenye chumba cha mtihani wakiwa wamejiandalia kitu ambacho hawataulizwa, na inauma kwa sababu wengi wao Kiingereza wanakijua vizuri tu.

Kiingereza cha biashara ni Kiingereza kilekile cha kila siku kikitumiwa kukamilisha jambo la kazi: kuagiza, kudai, kukataa kwa heshima, kutoa taarifa, kushawishi, kupanga kikao. Sarufi ni ileile. Kinachokipambanua ni kwamba kila andiko lina msomaji anayejulikana, na msomaji huyo kuna kitu anatakiwa akijue au akifanye baada ya kulisoma. Maana yenyewe ndiyo hiyo. Linalohitaji kuelezwa kwa urefu ni jinsi watu walivyofika mahali pa kuchanganya urasmi na uzito.

Mkanganyiko huu una historia. Makarani wa Uingereza wa karne ya 19 walikuwa na lugha yao ya barua, na walijifunza kwa kunakili barua za waliowatangulia. Barua uliyopokea haikuitwa barua, iliitwa favour. Hukusema umeipata, uliomba ruhusa ya kukiri kuipokea, we beg to acknowledge. Hata tarehe ilivikwa Kilatini: inst. ikiwa ni ya mwezi huu, ult. ikiwa ni ya mwezi uliopita, prox. ikiwa ni ya mwezi ujao, vifupisho vya instante mense, ultimo mense na proximo mense. Lugha hiyo ilisambaa na biashara na utawala wa Waingereza popote walipofika. Wenyewe wakaja kuichoka. Mwaka 1948 ulichapishwa mwongozo wa Ernest Gowers, mtumishi mwandamizi wa serikali, alioandika kwa ombi la Hazina ya Uingereza, kuwafundisha watumishi wa serikali kuandika kwa maneno mepesi. Kumbuka ulikuwa mwongozo wa ofisi za serikali, ambako urasmi ndio nyumbani kwake, na bado ujumbe ulikuwa: sema unachotaka kusema, mtu aelewe.

Mabaki ya lugha ya makarani hayakuisha. Do the needful, yaani "fanya kinachohitajika", ilikuwa Kiingereza cha kawaida cha Uingereza zamani. Huko imezeeka, kwingine bado inaishi maofisini. Revert kwa maana ya "jibu" inaeleweka katika nchi nyingi, lakini kwa Kiingereza kinachofundishwa katika vitabu vya mitihani hii neno hilo maana yake ni kurudi katika hali ya awali. Sisemi anayeyatumia ni mjinga. Nasema mtahini hayapi maneno hayo alama kwa sababu tu ni ya zamani.

Tuangalie alama zenyewe zinatoka wapi. Katika mitihani ya Cambridge ya Kiingereza cha biashara, ile ambayo wengi wanaiita BEC, yenye ngazi za Preliminary, Vantage na Higher zinazolingana na B1, B2 na C1 za mfumo wa Baraza la Ulaya wa kupima viwango vya lugha, karatasi ya kuandika husahihishwa kwa vigezo vinne: maudhui, ufanisi wa mawasiliano, mpangilio na lugha. Kila kigezo kina alama 0 hadi 5. Msamiati na sarufi vyote viwili vinakaa ndani ya kigezo kimoja, cha lugha. Vingine vitatu vinauliza kama umejibu ulichoulizwa, kama sauti yako inamfaa unayemwandikia, na kama maelezo yanafuatana. Alama ya juu kabisa ya maudhui inatolewa pale ambapo msomaji aliyekusudiwa amepata taarifa kamili. Msomaji, si mwandishi. Hapo ndipo barua nyingi "nzito" zinapoangukia.

Chukua swali la mtindo wa Vantage, sehemu ya kwanza, ambayo hutaka maneno 40 hadi 50. Wewe ni mkuu wa idara. Waandikie wafanyakazi kuwaambia mafunzo yamehamishiwa tarehe nyingine, eleza sababu, na waombe wathibitishe kama watakuja. Jibu la aina inayosifiwa huwa hivi:

"Dear esteemed colleagues, I hope this email finds you well. I hereby wish to bring to your kind attention that, due to unavoidable circumstances, the aforementioned training has been postponed until further notice. Kindly do the needful and revert at your earliest convenience."

Ni maneno 43, kwa hiyo urefu uko sawa. Sarufi haina kosa la kukamata. Lakini tarehe mpya iko wapi? Haipo. Sababu? "Hali zisizoepukika" ni kuficha sababu, wala si kuieleza. Mfanyakazi afanye nini? "Kinachohitajika." Mambo matatu yaliyoagizwa na swali, hakuna hata moja lililotimia. Na hiyo aforementioned, "yaliyotajwa hapo juu", inarejelea nini wakati juu yake hakuna kilichotajwa? Sasa soma hili:

"Dear all, The report-writing course on 4 May has moved to 11 May because the trainer is abroad until 8 May. It will still start at 9 in Room 2. Please reply by Friday to say whether you can come, so that I can order enough books."

Maneno 47, na hakuna hata neno moja ambalo mwanafunzi wa ngazi ya kati angelitafuta kwenye kamusi. Msomaji amejua lini, kwa nini, wapi, ajibu nini na mwisho lini. Ni rasmi vya kutosha kwa mkuu anayewaandikia watu wa idara yake. Kama ungekuwa unamwandikia mteja ambaye hamjawahi kuonana, ungeanza na Dear Mr au Dear Ms na jina lake la ukoo, ungeacha vifupisho kama I'm na can't, na ombi ungeliweka kwa upole zaidi, we would be grateful if you could. Urasmi ni huo: kupima umbali uliopo kati yako na unayemwandikia. Ugumu wa neno hauhusiki.

Je, msamiati hauna kazi kabisa? Unayo, ila unatahiniwa mahali tofauti na watu wanapodhani. Sehemu ya nne ya karatasi ya kusoma ya Vantage ina nafasi 15 za kujaza kwa kuchagua neno moja kati ya manne, na mara nyingi kinachopimwa hapo ni maneno mepesi na wenzi wake. Kwa Kiingereza husemi make an order kwa muuzaji, unasema place. Deadline una-meet. Makubaliano una-reach. Ukikariri neno peke yake, umekariri nusu. Kuna pia maneno ya kawaida yanayobadilika sura yakiingia ofisini: outstanding invoice ni ankara ambayo haijalipwa, wala si ankara bora sana, turnover katika hesabu za kampuni ya Uingereza ni jumla ya mauzo, lakini staff turnover ni kasi ya wafanyakazi kuondoka na nafasi zao kujazwa. Haya huyapati kwenye orodha. Unayapata kwa kusoma ripoti za mwaka za makampuni, matangazo ya kazi, na kurasa za biashara za magazeti, huku ukiandika sentensi nzima kwenye daftari.

Na kusoma kwenyewe kuna namna yake. Msomaji wa kazini hasomi ili afurahie mtindo. Anatafuta kitu akifanyie uamuzi. Mtihani wa TOEIC, mwingine wa Kiingereza cha kazini, unalionyesha hili waziwazi: sehemu ya kusoma ina maswali 100 kwa dakika 75, yaani sekunde 45 kwa swali, na mwishoni zinakuja hati mbili au tatu zinazohusiana, kwa mfano tangazo, barua pepe na fomu ya oda. Jibu limegawanyika. Bei iko kwenye tangazo, sharti la punguzo liko kwenye barua pepe, idadi iko kwenye fomu. Anayesoma hati ya kwanza neno kwa neno akitafsiri kichwani, muda unamwishia kabla hajafika huko. Soma swali kwanza, jua unatafuta nini, halafu ingia kwenye hati.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni ya tano ya karatasi ya kusoma ya Vantage, na ndiyo inayopuuzwa sana kwenye mazoezi. Unapewa andiko fupi. Katika kila mstari huenda kuna neno moja lililozidi, au mstari uko sawa na unaandika CORRECT. Mistari 12. Hii ni kazi halisi ya ofisi: kuipitia barua kabla haijaondoka. Zoezi lake halihitaji kitabu. Chukua barua uliyoandika juzi, isome mstari mmoja mmoja, ukiuliza kila neno lina kazi gani hapo. Ukifanya hivyo kwa uaminifu, hereby ndiyo ya kwanza kufutwa.

Nimegusia mazoezi, niseme na hili. Kujaza karatasi za mitihani iliyopita moja baada ya nyingine ni kujipima. Kunakuonyesha ulipo, lakini hakukusogezi. Kinachosogeza ni kulirudia jibu lilelile: andika ukiwa na saa, kisha rudi kwenye vipengele vya swali na kuweka alama pembeni pale kila kimoja kilipojibiwa, kisha andika upya. Vantage inakupa dakika 45 kwa maandiko mawili, hili fupi na jingine la maneno 120 hadi 140, ambalo laweza kuwa barua, ripoti au pendekezo. Ripoti na pendekezo nazo zisichanganywe: ripoti inamweleza msomaji kilichobainika, pendekezo linamshawishi akubali kitakachofanywa. Zote mbili zinataka vichwa vidogo, na zote mbili zinaharibika kwa utangulizi mrefu.

Kwa hiyo ukikutana na mwenzako anayeomba orodha ya maneno ya biashara, usimcheke. Nia yake ni njema, na pengine hivyo ndivyo alivyofundishwa. Mwombe akuonyeshe swali moja la kuandika analojiandaa nalo, na muulize: huyu unayemwandikia ni nani, na unataka afanye nini akimaliza kukusoma? Akishajibu hayo kwa sentensi mbili, mwambie aziandike hizo hizo kwa Kiingereza.