Tui halijui kulia wala kushoto

Haya, tulimalize leo. Mtu kapika nyumbani kuku wa kupaka, yaani kuku wa kuchoma anayepakwa sosi ya tui la nazi, sosi imemkatikia, anauliza kwa nini ya hotelini hutoka laini na yake imekuwa maji na chenga. Kabla hajamaliza swali, wameshamjibu: "Ulikoroga huku na huku. Tui hukorogwa upande mmoja." Wengine wanaongeza kwamba mwiko lazima uwe wa mti, na kwamba aliyeanza kukoroga asimpokeze mwenzake. Imebaki kutajiwa siku ya juma.

Chukua tui moja, ligawe kwenye sufuria mbili zinazolingana, moto uleule. Moja ikoroge upande mmoja kwa adabu zote, nyingine ikoroge ovyo. Zikichemka kwa fujo, zote mbili zitakatika. Zikikaa kwenye moto mdogo, zote mbili zitatulia. Jaribio hilo linakugharimu nazi moja, na linamaliza ubishi wa miaka.

Tui ni mafuta ndani ya maji. Mafuta yamekaa kama matone madogo mno, na kila tone limezungukwa na utando wa protini ya nazi unaolizuia lisiungane na jirani yake. Protini hiyo haipendi joto: kuanzia nyuzi 80 hivi inaanza kuganda kama ute wa yai. Utando ukishaharibika, matone yanagongana na kuungana, mafuta yanapanda juu, protini inabaki chenga. Kuchemka kwa fujo kunazidisha kugongana huko. Asidi nayo inafanya kazi hiyohiyo kwa njia nyingine. Tui lenyewe lina pH (kipimo cha asidi, namba ikishuka ukali unazidi) ya karibu 6. Ikishuka kuelekea 4, protini zinakosa nguvu ya kusukumana, zinashikana. Ndimu iko kwenye 2 na kitu, ukwaju hauko mbali nayo, nyanya ni 4 na kitu. Moto mkali na ndimu vikikutana kwenye sufuria moja, hata ukoroge kwa kuifuata saa ya ukutani, hutaliokoa.

Kwa nini imani hii haifi? Kwa sababu anayekoroga upande mmoja bila kuacha amesimama jikoni. Hajaenda kuanika nguo, hajashika simu. Anaona povu linapanda, anapunguza moto. Kilicholinda tui ni macho yake na mkono uliofika kwenye swichi ya gesi, lakini sifa zote anapewa mwiko. Na kukoroga kwenyewe kuna faida, sikatai: sufuria nyembamba ya alumini hushika joto kali chini kabla ya juu, na bila kukoroga tui la chini linakatika wakati la juu bado vuguvugu. Bora zaidi ya mwiko ni upawa. Chota, inua, mimina, rudia. Mvuke unatoka, tui linapoa kidogo kila linapopita hewani, na joto linatawanyika sawa. Hili wazee wa pwani wanalifanya bila maelezo yoyote, nao wako sahihi. Ile sheria ya upande mmoja ndiyo nyongeza isiyo na kazi.

Sasa jambo linalonikera zaidi ya hilo. Watu wakishaambiwa moto ndio adui, wanarukia upande wa pili: wanatia kasimile, lile tui zito la mkamuo wa kwanza, na kuzima papo hapo. Sosi inatoka nyembamba na inanuka nazi mbichi. Kasimile lazima iive. Tunachotafuta ni vipovu vidogo vinavyopasuka pembeni mwa sufuria huku katikati pametulia, kwa dakika 5 hadi 7, sufuria ikiwa wazi. Kifuniko hapana, ukifunika, joto linapanda bila wewe kuona, na utakapofunua utakuta mafuta yameshaelea.

Na hapa nadharia na sufuria vinaachana kidogo. Ukipima, sosi yenye vipovu pembeni imeshapita nyuzi 80, tena kwa mbali, na bado ni laini. Maelezo yangu ni kwamba sosi nzito yenye kitunguu na nyanya zilizolainika ndani yake inayazuia matone yasikutane hata kama utando umedhoofika. Nafikiri ndivyo. Lakini kasimile tupu, isiyo na chochote, nayo huweza kuvumilia vipovu vya pembeni kwa muda, kwa hiyo maelezo yangu hayatoshi peke yake. Ichukue 80 kama onyo, usiifanye mpaka wa nchi. Chumvi vilevile: kwa nadharia inapunguza kusukumana kwa protini, kwa hiyo ingefaa itiwe mwisho. Kwenye sufuria sijaona tofauti ya kunifanya nigombane na mtu. Tia unapotaka.

Kuhusu hiyo ya hotelini. Sosi nyingi za nazi unazosifia zimetoka kwenye boksi, kopo au pakiti ya unga. Soma maandishi madogo: la kopo mara nyingi lina gamu ya gua na kiungo cha kushikamanisha mafuta na maji, la unga lina maltodekstrini na kaseinati ya sodiamu, yaani protini ya maziwa. Vitu hivyo husaidia tui lisikatike. Si siri ya mpishi, ni kazi ya kiwanda. Na usilinganishe vikombe kwa vikombe: kiwango cha kimataifa cha vyakula kiitwacho Codex, cha mwaka 2003, kinataka "tui la nazi" la kopo liwe na mafuta angalau asilimia 10, jepesi 5, krimu 20. Kasimile uliyoikamua vizuri kwa maji machache huwa karibu na krimu. Kopo la tui jepesi halitakupa sosi ya kupaka hata ulichemshe mpaka kesho.

Kukamua, kwa haraka. Nazi kavu zilizokomaa, 2, zikunwe laini. Maji kikombe 1 (mililita 250) ya moto wa kuvumilika mkononi, si ya kuchemka: ya kuchemka yanagandisha protini ndani ya machicha, unapata tui jepesi na machicha yenye utajiri. Ya baridi nayo hayafai, mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24 au 25. Fikicha, kamua, chuja: hiyo ndiyo kasimile, weka pembeni. Tia vikombe 2 vya maji kwenye machicha, kamua tena: hilo ndilo tui la pili. Ukitumia blenda, piga kwa vipindi vifupi. Ikipigwa mfululizo inapasha moto, na chenga za machicha zitapita kwenye chujio, kisha utanijia kulalamika kwamba tui limekatika kumbe ni nazi isiyochujwa.

Kuku mmoja wa kilo 1 na robo, vipande 8, chanja mpaka karibu na mfupa. Kijiko kikubwa cha tangawizi na kitunguu saumu vilivyotwangwa, pilipili mbichi 2, chumvi kijiko kidogo na nusu, maji ya ndimu 1. Saa 2 za kukaa kwenye viungo zinatosha. Mchome kwenye mkaa uliokwisha kuwaka vizuri mpaka awe amebakiza kidogo kuiva.

Yale maji ya viungo yaliyobaki kwenye bakuli la kuku: mwaga. Naandika sentensi hii peke yake kwa sababu ndiyo inayoua sosi nyingi za nyumbani. Mtu anaona uchungu kutupa viungo, anavimimina kwenye tui. Ametia ndimu nzima, na damu ya kuku mbichi juu yake, kwenye sosi ambayo atataka kuizima baada ya dakika 5. Limekatika, na bado anaulizwa alikoroga upande gani.

Sosi yenyewe inaanza na tui la pili, na hili lichemke kwa nguvu bila kuliogopa. Kitunguu 1 kilichosagwa, nyanya 2 zilizokunwa, manjano nusu kijiko kidogo, bizari nyembamba kijiko kidogo 1, pilipili kiasi chako. Ukipendelea ukwaju, maji yake vijiko vikubwa 2 yaingie hapa hapa. Litakatika, ndiyo, acha likatike. Lina mafuta machache, na chenga zake zitapotea ndani ya nyanya. Likaushe dakika 15 hadi 20 mpaka mwiko ukipita uache njia inayoonekana kwenye sakafu ya sufuria. Ukiona bado linatiririka kuifunika njia hiyo, hujafika. Wengi hukata tamaa hapa, kisha wanataka kasimile ifanye kazi ya kukausha maji ambayo ilikuwa ya tui la pili. Kasimile ikikaa motoni nusu saa inakatika kwa haki yake.

Epua, ngoja dakika 2. Tia kasimile kwa mafungu matatu, ukichota na kumimina. Rudisha kwenye moto mdogo, vipovu vya pembeni, dakika 5 hadi 7, mpaka sosi ishike mgongo wa kijiko. Wa mkaa, moto hauna swichi: toa makaa au inua sufuria, usitegemee kupuliza kidogo. Zima. Ndimu nusu, ikiwa unaitaka, iingie sasa, nje ya moto. Inabaki na harufu yake, na asidi haikutani na mchemko.

Kisha paka kuku, geuza, paka tena, dakika moja au mbili kila upande, mara 3 au 4. Inua wavu, mafuta ya nazi yakidondokea mkaa yanawasha moto na kuku atanuka masizi. Na angalia kinachotokea kwenye ngozi: sosi inakauka, mafuta yanatoka, protini inakuwa rangi ya kahawia. Imekatika kabisa! Ndiyo utamu wenyewe. Tunahangaika lisikatike kwenye sufuria ili likakatikie juu ya kuku.

Kama limekukatikia kwenye sufuria, angalia kwanza. Vijitone vya mafuta ya njano juu na sosi laini chini havina tatizo, koroga upake, au yaache yaelee kwa rangi. Ukiona chenga nyeupe na maji yanayojitenga, epua, tia vijiko vikubwa 3 vya kasimile ambayo haijaona moto, piga kwa blenda ya mkono nusu dakika. Ikigoma, kijiko kidogo cha wanga wa mahindi kilichokorogwa kwenye maji baridi, irudishe motoni kwa dakika 2. Ladha ya nazi itapungua kidogo, sitakudanganya. Kwa samaki wa kupaka hata sishauri wanga. Afadhali sosi yenye chenga kuliko sosi ya gundi.

Mbaazi za nazi, maharage ya nazi na viazi vya nazi havisumbui hivi, kwa sababu vina wanga wake unaoshika tui. Ponda mbaazi mbili tatu dhidi ya sufuria kabla ya kutia kasimile na hutasikia habari ya kukatika. Wali wa nazi usiuhesabu kabisa: mchele unakunywa kila kitu, likatike lisikatike.

Kasimile iliyolala kwenye friji hujitenga, tabaka gumu juu na maji chini. Haijaharibika, jikoni kwa Nairobi asubuhi ya Julai inajitenga hata juu ya meza. Pasha kwa kuweka bakuli ndani ya maji ya moto, ukoroge. Iliyogandishwa kwenye friza ni habari nyingine: chembe za mafuta yaliyoganda na barafu zinatoboa ule utando, na itakatika mapema hata kwenye moto mdogo. Gandisha kwa ajili ya wali na mbaazi. Sosi ya kupaka ikibaki, ipashe kesho yake kwenye sufuria pana na kijiko cha maji, ukichota na kumimina, uiepue mara vipovu vya kwanza vitakapotokea pembeni.